Timu ya Mahali Unapoishi

Maneno haya niliyasema ukumbini Burngreave, kwenye mkutano wa wasema Kiswahili wa Sheffield, Uingereza. Wengi walikuwa zamu hospitalini na kwenye maghala, wakaomba niyaandike yote. Haya hapa, kama yalivyosemwa.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma karibu na mlango: hamjambo? Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wa Kongo karibuni, wa Burundi, wa Rwanda, wa Uganda, wa Kenya, wa Bara na wa Visiwani.

Naomba tuanze kwa mikono. Arsenal humu wako wangapi? Naona. Manchester United? Chelsea? Liverpool? Asanteni, shusheni. Sasa anyooshe mkono aliyewahi kuingia uwanja wa Bramall Lane. Hillsborough je? Na Sandygate?

Mkono mmoja tu, tena wa mtoto aliyepelekwa na shule yake.

Ndugu zangu, tunaishi Sheffield. Tunafanya kazi Sheffield, tunazaa Sheffield, na wazee wetu tumeanza kuwazika Sheffield. Watoto wetu wakifungua mdomo, Kiingereza chao ni cha hapa hapa. Lakini Jumapili ikifika tunafunga mapazia tukitazama timu za London, na timu mbili zenye historia nzito kuliko nyingi duniani, Sheffield United na Sheffield Wednesday, ziko mwendo wa basi moja kutoka hapa tulipoketi. Nimesimama kusema jambo moja: timu ya mahali unapoishi ina haki kwako, na wewe una haki kwake.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia Ngamiani, na mtu wa Tanga analijua jambo hili kwa machungu. Nchi nzima ni Simba na Yanga, lakini kwetu tuna Coastal Union na tuna African Sports. Mwaka 1988 Coastal alichukua ubingwa wa Tanzania, na mpaka leo ukimgusa mzee wa Tanga kuhusu mwaka ule atakuwekea kiti ukae. Mkonge ulianguka, viwanda vikafungwa, vijana wakahamia Dar. Uwanja wetu wa Mkwakwani ukabaki, na watu wakaendelea kwenda Mkwakwani. Ndiyo maana nilipofika mji huu wa chuma sikuhitaji kufundishwa sana. Niliona watu wenye kiburi cha mji wao, kiburi kile cha heshima, ambao kazi iliwakimbia lakini timu haikuwakimbia.

Je, mnajua mnaishi wapi? Naomba mnisikilize vizuri hapa, hasa vijana.

Tarehe 24 Oktoba 1857, vijana wawili wa mji huu, Nathaniel Creswick na William Prest, walianzisha Sheffield FC. Walikuwa wacheza kriketi wakitafuta kitu cha kufanya majira ya baridi. FIFA inaitambua Sheffield FC kuwa klabu kongwe kuliko zote duniani. Kabla ya Real Madrid, kabla ya Boca Juniors, kabla ya Al Ahly, ilikuwapo Sheffield. Mwaka uliofuata wakaandika sheria zao. Miaka ile kila shule kubwa ya Uingereza ilikuwa na mpira wake: huku unashika kwa mikono, kule unampiga mwenzako mateke ya miguu. Sheria za Sheffield zikasambaa katika klabu za eneo hili lote, zikawa zinarekebishwa mwaka baada ya mwaka. Mpira wa kona ulitoka hapa, London wakauchukua mwaka 1872. Mwamba mgumu juu ya goli nao ulipiganiwa na watu wa hapa. Mwaka 1877 sheria za Sheffield na za London zikaunganishwa, na mchezo mnaoucheza Bukavu, Bujumbura, Mombasa na Tanga ni mtoto wa muungano huo.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1866 timu ya Sheffield ilishuka London kucheza katika bustani ya Battersea. Wachezaji wa Sheffield wakaanza kuupiga mpira kwa kichwa, na watu wa London wakacheka. Hawajawahi kuona. London walishinda siku ile. Lakini leo nani anacheka akiona kichwa?

Kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinafanana sana na mambo yetu. Klabu ya pili ya mji huu ni Hallam FC, ya mwaka 1860. Siku iliyofuata Krismasi ya mwaka huo huo, Hallam na Sheffield FC walikutana kwenye uwanja wa Sandygate, kule juu Crosspool. Uwanja huo upo. Hallam wanacheza hapo hadi leo, na kitabu cha Guinness kinautaja kuwa uwanja mkongwe kuliko wote wa mpira duniani. Sasa, miaka miwili baadaye, Desemba 1862, timu hizo hizo zikakutana Bramall Lane, na mechi ile ilikuwa ya mchango. Mchango wa nani? Wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lancashire. Marekani walikuwa vitani wenyewe kwa wenyewe, pamba haiji, viwanda vimesimama, watu wanalala njaa. Watu wa Sheffield wakacheza mpira ili kuchangisha.

Sisi tunajua michango. Tunachanga msiba, tunachanga harusi, tunachanga nauli ya maiti kurudi nyumbani. Na sisi tunajua pia kwamba penye mchango hakukosi ugomvi! Katikati ya mechi Creswick na mchezaji mmoja wa Hallam aitwaye Waterfall wakagongana, Waterfall akavua kizibao akaanza kurusha ngumi. Uwanja ukaingiliwa na watazamaji. Walipotulizwa, Waterfall akapewa adhabu: nenda kakae golini. Mechi ikaisha bila bao, na mchango ukaenda kwa wenye njaa.

Mambo haya yalitokea kwa miguu kutoka hapa. Tunapita Bramall Lane tukienda kununua unga na mawese, hatugeuzi hata shingo. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1855 kwa kriketi. Mwaka 1878 ndipo zilipowashwa taa za umeme kwa mechi ya usiku, mara ya kwanza duniani, na maelfu ya watu walikuja kuona mwanga. Na nyinyi mlionyoosha mikono ya Manchester United, bao la kwanza kabisa la Ligi Kuu ya Uingereza, tarehe 15 Agosti 1992, lilifungwa pale Bramall Lane. Lilifungwa na Brian Deane wa Sheffield United, kwa kichwa, kwenye goli lenu. Kijana mweusi, mtoto wa wazazi waliotoka visiwa vya Karibi.

Kwa jambo hilo, niwaletee mtu mwingine.

Arthur Wharton alizaliwa Jamestown, Accra, mwaka 1865. Nchi hiyo sasa ni Ghana. Aliletwa Uingereza kusomea umisionari wa Kimethodisti, lakini miguu yake ilikuwa na mpango mwingine. Mwaka 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili, akawa bingwa wa mbio hizo Uingereza nzima. Mwafrika, 1886! Mkutano wa Berlin wa kugawana bara letu ulikuwa umemalizika mwaka mmoja tu kabla. Wakubwa walikuwa bado wanachora mistari kwenye ramani ya nyumbani kwetu, na kijana wa Accra anawaacha nyuma wanaume wa Uingereza mbele ya macho yao.

Akawa kipa. Alidakia Preston, akaja Rotherham hapa jirani, na mwaka 1894 akasajiliwa na Sheffield United. Mwaka 1895 alisimama golini katika mechi ya daraja la kwanza dhidi ya Sunderland, na ndiye mchezaji mweusi wa kwanza kucheza daraja la juu kabisa Uingereza. Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi katika ligi kubwa ya nchi hii aliivaa katika mji huu wetu. Hakuivaa London wala Manchester.

Hakudumu pale. Kipa namba moja alikuwa William Foulke, mwanamume mwenye mwili mkubwa ajabu, na Wharton hakupata nafasi. Akarudi Rotherham, akazunguka timu ndogo ndogo, umri ukamkuta. Akaingia mgodini, akafanya kazi ya makaa ya mawe Edlington, karibu na Doncaster. Alikufa mwaka 1930, maskini, akazikwa kaburi lisilo na jina.

Miaka 67, wazee wangu. Kaburi lisilo na jiwe, lisilo na jina. Nani alilitafuta? Walikuwa watu wa kundi la Sheffield lililokuwa likipiga vita ubaguzi kwenye mpira, wakitoka mitaa ya jirani ya Bramall Lane. Walichimbua habari zake, wakahamasisha, na mwaka 1997 jiwe likasimamishwa lenye jina lake. Mwaka 2014 sanamu yake ikawekwa St George's Park, kituo cha timu za taifa za Uingereza. Nimekwenda Edlington na wanangu. Ni makaburi ya kawaida ya watu wa migodini, na yeye yuko katikati yao. Niliwaambia wanangu: huyu alifika hapa kabla ya babu wa babu yenu kuzaliwa, kwa hiyo mtu akikuuliza shuleni unatoka wapi, jibu bila kuinamisha kichwa.

Baadhi yenu mmeniambia mnaogopa uwanjani. Mnasema mtatukanwa. Sitawadanganya kwamba ubaguzi haupo. Upo uwanjani kama ulivyo kwenye basi na kazini. Lakini mji huu ulikuwa wa kwanza Uingereza kujitangaza mji wa hifadhi, yaani mji wa kuwakaribisha wakimbizi, mwaka 2007, na wengine mliomo humu mlishuka ndege kutoka kambini moja kwa moja mkaletwa hapa. Mama mmoja wa Uvira, yuko humu, ameniruhusu nimtaje hivyo tu, aliniambia kwamba majira yake ya baridi ya kwanza hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kituoni mwa basi mpaka mwanawe alipovaa skafu ya Wednesday. Bibi mmoja wa Kizungu akamgeukia mtoto: ewe, unashabikia Wednesday? Maskini, utateseka maisha yako yote! Wakacheka wote watatu. Tangu siku hiyo bibi yule anamwita mama huyu kwa jina lake.

Sasa niseme juu ya utani wa jadi, maana nyumbani kwetu tunaujua vizuri.

United ni wa kusini mwa mji, Bramall Lane, wekundu na weupe, wanaitwa Blades, kwa ajili ya visu vya chuma vilivyoufanya mji huu ujulikane. Wednesday ni wa kaskazini, Hillsborough, bluu na weupe, wanaitwa Owls. Hawa wa Wednesday walianza mwaka 1867 kutokana na klabu ya kriketi ya mafundi waliokuwa wakipata nusu siku ya mapumziko Jumatano. Siku ile ya mapumziko ndiyo wameivaa kifuani mpaka leo. Familia zinagawanyika: baba huku, mjomba kule. Mtu wa Kariakoo, mtaa wa Simba na Yanga, anahitaji maelezo gani zaidi?

Jirani yangu wa zamani Pitsmoor alikuwa mzee wa Blades, mfanyakazi wa chuma tangu ujana. Yeye ndiye aliyenipeleka Bramall Lane mara ya kwanza, baada ya kuniona nimevaa jezi ya Coastal nikimwaga takataka. Akaniuliza ni timu gani. Nikamweleza Tanga, nikamweleza mkonge, nikamweleza 1988. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema Jumamosi tunakwenda.

Mzee huyo alinisimulia siku iliyofuata Krismasi mwaka 1979. Timu zote mbili zilikuwa daraja la tatu. Daraja la tatu! Watu 49,309 wakajaa Hillsborough asubuhi ya baridi, na Wednesday wakawatandika United mabao manne kwa bila. Bado wanaimba habari zake hadi leo, na mzee wangu kila akisikia anageuza uso. Lakini aliniambia kitu ambacho sikukisoma popote. Alisema siku ile, wakitoka, wekundu na bluu, mazungumzo hayakuwa ya mpira peke yake. Yalikuwa ya kazi. Tarehe 2 Januari 1980, wiki moja baadaye, mgomo wa chuma wa nchi nzima ulianza, ukaendelea wiki kumi na tatu. Na baada ya mgomo, viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Bonde lote la Don, kutoka Attercliffe hadi Tinsley, tanuru zikazimwa. Mji ambao Benjamin Huntsman alibuni chuma cha tanuru la vyungu miaka ya 1740, mji ambao Harry Brearley alitengeneza chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, chuma cha vijiko na sufuria zilizo jikoni kwa mama zetu wote humu, watu wake wakakaa vijiweni.

Pale tunapofanya kazi wengi wetu, kwenye maduka ya Meadowhall, palikuwa kiwanda cha chuma cha Hadfields. Ukiwa unafagia pale usiku, jua unafagia juu ya nini.

Na United? Mwaka 1981 wakashuka mpaka daraja la nne. Mzee hana kazi, timu iko daraja la nne. Nikamuuliza: uliendelea kwenda? Akaniangalia kama nimemuuliza kama aliendelea kula. Alikuwa akitembea kwa miguu kwenda na kurudi ili nauli iwe kiingilio. Mwaka uliofuata wakapanda.

Hata juzi juzi tumeona. Wednesday mishahara ilichelewa, mashabiki wakasusia viti vyao, na Oktoba 2025 klabu ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni na kukatwa pointi 12. Kwa kawaida siku kama hiyo watu hukimbia. Watu wa Hillsborough walipanga foleni mbele ya duka la klabu kununua chochote kilichokuwapo, ili fedha iingie. Mimi mtu wa Bramall Lane, nililia nikiwaona.

Kuna jambo zito, na siwezi kuzungumzia mpira wa mji huu nikaliruka.

Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest walikuja kucheza nusu fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Hillsborough. Mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya upande wa Leppings Lane. Watu 97 walikufa kwa yale ya siku ile. Mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka kumi. Polisi wa mkoa huu walishindwa kuongoza umati, kisha wakawasingizia marehemu na wenzao kwamba walikuwa walevi, kwamba walivunja lango. Ndugu zao walipigania ukweli miaka 27, mpaka baraza la mahakama la mwaka 2016 liliposema wazi kwamba watu wale waliuawa isivyo halali, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa lolote.

Walikuwa wageni wa mji huu. Sisi tuliolelewa kwa heshima ya mgeni tunaelewa uzito wa neno hilo. Mgeni alikuja kwetu hakurudi kwao, na akasingiziwa. Lakini jioni ile ile, watu wa nyumba za jirani na uwanja walifungua milango. Hapakuwa na simu za mkononi. Vijana wa Liverpool walisimama kwenye foleni sebuleni mwa watu wasiowajua, wakapiga simu kwa mama zao kusema niko hai. Ukipenda mji, unabeba vyote viwili, aibu ya wenye madaraka na ubinadamu wa wenye nyumba. Ukipita na tramu pale Leppings Lane, shuka siku moja. Kuna mnara wa kumbukumbu karibu na lango. Wapeleke watoto, wasome.

Vijana, sijawasahau. Mnataka kusikia watu wetu wako wapi. Jacques Maghoma alizaliwa Lubumbashi, mji wa Kiswahili, akavaa jezi ya Wednesday kuanzia 2013 hadi 2015, na akaichezea timu ya taifa ya Kongo. Barnsley, hapo jirani, walikuwa na Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya, Kenya. Julai 2020, siku ya mwisho ya ligi, Barnsley walikuwa wanazama. Dakika za nyongeza, uwanja wa Brentford, mtupu kwa sababu ya korona, Oduor akafunga, wakashinda 2 kwa 1 wakabaki daraja lao. Bao moja la mtoto wa Siaya lilinusuru mji mzima wa wachimba makaa. Hilo si jambo dogo, na linastahili kusimuliwa kwa Kiswahili.

Sisemi mwache Arsenal yenu. Moyo una nafasi. Nasema Jumamosi saa tisa, wakati hakuna mechi kwenye televisheni, miguu yenu iwe na mahali pa kwenda. Tiketi za Bramall Lane na Hillsborough kwa familia kubwa ni ghali, najua, tunalea watoto wanne na watano. Kwa hiyo tuanze Sandygate. Kiingilio chake tunakiweza, unasimama unapotaka, na uwanja una mteremko ambao watoto watauona wenyewe mpira ukianza kuteremka peke yake. Chai ipo, na ukinunua pai watakuuliza kama unataka Henderson's, mchuzi wa mji huu tangu 1885. Sema ndiyo.

Jumamosi ijayo Hallam wako nyumbani. Tutakutana saa saba kamili mbele ya Town Hall na kupanda basi pamoja. Mama wa Uvira anakuja na mwanawe, na skafu yake ya Wednesday, na nimemwahidi hakuna atakayemsumbua. Kina baba wenye magari, tafadhali simameni mseme kila mmoja anaweza kuchukua watoto wangapi, katibu anaandika.